Walioungua Nyuso

Juzi binti yangu kaniletea dumu la asali ya tende kutoka Bawshar. Kanambia, "Mama, hii ya nyumbani, si ya dukani," kafungua kifuniko ili ninuse. Nikamwambia funga, mwanangu, funga urudi nalo kwako. Akadhani nakataa kwa sababu ya sukari yangu, nami nikamwacha adhani hivyo. Sukari nnayo kweli, lakini pua yangu haikukimbia sukari. Ilikimbia chumba.

Nyinyi wenzangu wa umri huu, mliokuja Muscat watoto mkiwa mmeshika nguo za mama zenu, hamtonishangaa. Mimi sikusoma sana. Nimefika mahali pa kuandika jina langu na kusoma barua ya mtu mwenye mwandiko mpana. Kwa hivyo mkiona naruka huku narudi kule, ndivyo nnavyosema na ndivyo nnavyoandika, na mzee hafundishwi kukaa kitako.

Tulikuwa watatu, Mama, mimi na mdogo wangu Zuwena. Baba alibaki Unguja. "Alibaki" ndilo neno la Mama, na mimi nikimwona Baba kama mtu aliyebaki nyuma kufunga milango. Kila chombo kikiingia nikimuuliza Mama, "Keshamaliza kufunga?" Naye akinambia, "Bado, mwanangu, milango mingi." Nyumba yetu ya Unguja ilikuwa na milango miwili. Ilinichukua miaka kukaa nikafanya hesabu hiyo.

Muscat ya siku zile haikuwa hii mnayoipitia kwa magari. Mji ulikuwa ndani ya ukuta, majabali meusi yametuinamia kila upande, na jabali likishiba jua mchana kutwa haliachi kukupumulia hata usiku. Kulikuwa na lango kubwa lenye askari. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa wa namna mbili mbele ya lango lile, wenye mwenyewe na wasio na mwenyewe. Mwenyewe ni mwanamume wa kabila lenu anayekwenda kwa wakubwa wa mji akashika msahafu akaapa kwamba hawa ni wetu. Ukiwa naye, unakaa. Huna, hutoki langoni bila ruhusa, na siku kikipatikana chombo utaambiwa fungeni vitu vyenu muende mnakojua. Kwenda wapi, hakuna aliyesema. Mama alikuwa akisikia mtu kataja chombo tu, sindano inasimama mkononi. Alikuwa akishona kofia, vidole vyake vimejaa matundu kama kofia zenyewe.

Tulikuwa tumepewa chumba na Bi Shamsa, mjane wa Muscat ambaye marehemu mumewe aliwahi kukaa Pemba, na Kiswahili chake alikiokota kwa mume huyo, kipande kipande. Mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi wa kutoa. Ni yeye aliyetuma salamu Bawshar, alikotoka babu yake baba yetu, kuuliza kama yupo wa kututambua. Jibu likaja na mpanda punda: yupo mtu, atakuja Alkhamisi ijayo alasiri atuone. Akituridhia, Jumatatu yake ataapa.

Mama alilia kwa furaha. Bi Shamsa hakulia. Alituita mimi na Zuwena mlangoni penye mwanga, akatushika videvu mmoja mmoja, akatugeuza huku na huku kama anayenunua kitambaa.

"Hii mkubwa," akasema, "mimi naona kabila yake hapa. Pua, rangi, kila kitu. Hii dogo..." Akamwacha Zuwena kidevu. "Hii dogo Mungu ndiye anajua."

"Baba yao mmoja, Bi Shamsa," Mama akasema.

"Mimi najua baba mmoja. Yule anakuja, anajua?"

Mama hakujibu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa akisikia mtu mzima hakujibu, hujua kwamba lililosemwa ni kweli.

Sasa nikuelezeni Zuwena. Alikuwa na miaka sita, kachukua sura ya bibi yetu mzaa mama, mtu wa Makunduchi. Mweusi wa kung'aa, mzuri, meno kama kapangiwa na fundi. Kisimani wasichana wa mtaa wakimwita, "Ya khadima, njoo tuchotee!" Khadima ni mtumishi, mnajua. Yeye alikuwa hajui. Akikimbia, anawachotea ndoo zote, anarudi nyumbani amelowa na kunambia, "Dada, nimepata marafiki wanne." Sikumwambia kitu. Nilikuwa naona haya, na kusema kweli, nilikuwa nasimama mbali kidogo ili nisiitwe na mimi.

Asubuhi tulikuwa tunasomeshwa. Skuli za mji hazikuwa zetu, wasichana ndiyo kabisa, lakini alikuwepo mzee mmoja tuliyekuja naye chombo kimoja, aliyesomesha Unguja mpaka mvi zikamwota, na hapa hakuna aliyemhitaji. Sisi tukimwita Mwalimu tu. Akitukusanya watoto saba wanane sebuleni kwa Bi Shamsa. Kitabu alikuwa nacho kimoja, cha Kiingereza, jalada limeliwa na maji ya chumvi, kinachoeleza safari za Wayunani wa kale. Hesabu tulifundishwa kwa Wayunani, imla kwa Wayunani, kila kitu Wayunani. Mimi mpaka leo sijui mto mkubwa wa India unaitwaje, lakini niulizeni habari za Wayunani.

"Hawa watu," Mwalimu akisema, miwani kaifunga kwa uzi, "walikuwa na maradhi ya kuwapa watu majina. Wanapita pwani na chombo, wanaona watu wanakula samaki, wanaandika: Wala-Samaki. Wanasogea mbele, wanaona watu wanakula kasa: Wala-Kasa. Wanaoishi mapangoni, basi: Watu wa Mapangoni. Hawashuki kuuliza, jamani, nyinyi wenyewe mnajiitaje?"

Bi Shamsa akapaza sauti kutoka jikoni. "Na sisi hapa? Sisi walisema nani?"

"Pwani hizi nazo, Bi Shamsa, walisema Wala-Samaki."

"Na wao walikula nini? Mawe?"

Tulicheka mpaka Mwalimu akagonga ukuta. Wiki nzima tukapeana majina ya Kiyunani. Mtoto mmoja aliyekuwa hashibi mkate wa sinia tukamwita Mla-Sinia, na mama yake akaja kushtaki.

Siku ya pili ya somo lile Mwalimu akasema, "Na watu weusi wa kusini ya Misri, sisi sote huko, walituita Walioungua Nyuso." Akatuhadithia kwa nini. Jua, kwa hadithi yao, lilikuwa gari la kukokotwa na farasi, na mwenye gari alikuwa na mtoto mkaidi. Mtoto akaomba aliendeshe siku moja. Farasi wakamshinda, gari likashuka chini mno, likapita juu ya nchi zetu, na watu wakaungua wote siku ile ile moja.

"Ya uwongo hiyo," Mwalimu akasema, "lakini jina limebaki. Sikilizeni la kweli. Mmoja katika hao Wayunani aliandika kwamba alipofika pwani yetu, aliwakuta Waarabu wameshaoa huko na lugha ya watu wameshaijua. Zamani hizo! Kwa hivyo mtu akikuulizeni kisimani nyinyi ni nani, mwambieni sisi ni watu wa zamani."

Hilo la kweli nimelielewa nikiwa na wajukuu. Siku ile halikuniingia. Masikio yangu yalikuwa yamesimama pale penye siku moja. Kama watu waliungua siku moja, basi kuungua si kuzaliwa. Ni jambo lililokuja, na lililokuja huweza kuondoka. Zuwena alikuwa na bangili ya shanga mkononi, tangu Unguja haijatoka. Nikaisukuma juu. Pale ilipokuwa imekaa, ngozi ilikuwa na rangi nyengine, hafifu kuliko pengine pote.

"Zuwena," nikamnong'oneza, "wewe umeungua tu."

"Wapi?"

"Kote."

Akajitazama mikono. "Mbona haiumi?"

"Imeshapoa. Lakini tukikuweka pasipo na jua itatoka kabla ya Alkhamisi."

"Ikitoka nitakuwa kama wewe?"

"Kama mimi."

Alifurahi. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza mpaka leo, kwamba alifurahi.

Nyumba ya Bi Shamsa ilikuwa na chumba cha tende, wenyeji wanakiita madbasa. Nyinyi vijana mnaosomewa haya hamtokijua. Ni chumba kidogo, dirisha hakina, sakafu imechimbwa vijia vyembamba. Magunia ya tende yanapangwa juu ya vijia mpaka karibu na dari, yanakandamizana kwa uzito wao wenyewe, na asali inachuruzika taratibu mpaka kwenye mtungi uliofukiwa mlangoni. Kadiri chumba kinavyopata joto ndivyo asali inavyoshuka, kwa hivyo mlango haufunguliwi ovyo. Hakukuwa na kiza kama kile Muscat nzima. Mimi nikaona hapo ndipo pahali, maana jua lisingempata hata kwa bahati mbaya.

Jumatatu nikamtia ndani kwa muda wa saa moja. Jumanne saa mbili. Alikaa juu ya magunia analamba vidole, na nikimtoa ananyoosha mkono. "Tayari?" Nasukuma bangili, natazama. "Bado kidogo." Jumatano akatoka kichwa kinamuuma, hakutaka kula. Mama akasema joto la msimu. Nikatazama mkono ule na hapakuwa na tofauti yoyote, nami nikaona siku zimekwisha na Zuwena bado ni yule yule.

Alkhamisi nikamwamsha mapema. "Leo ndiyo utakaa sana," nikamwambia. "Mpaka adhana ya alasiri. Usigonge." Akauliza kama atapewa maji. Nikampa kikombe. Nikasukuma komeo kwa nje, na Mama nikamwambia Zuwena yuko kwa Mwalimu.

Niliapa nitamtoa kabla mgeni hajafika. Lakini mgeni aliyeahidi alasiri alifika baada ya adhuhuri, kakimbilia kivuli, na Bi Shamsa akanishika bega. "Wewe, kahawa. Tende. Maji ya kunawa. Kaa hapa, usiondoke, akutazame vizuri."

Nikaingia na sinia. Nikainua macho kumtazama mtu aliyekuja kututambua.

Alikuwa mweusi. Mweusi kuliko Zuwena. Mweusi wa chungu kipya, kilemba cheupe juu yake, jambia kiunoni, na Kiarabu cha Bawshar kikimtoka kama maji ya falaji, mifereji yao ya mashambani. Mama yake, tulikuja kujua baadaye, alikuwa mtu wa Bagamoyo.

"Ami yako huyo," Mama akanambia. "Mpe mkono."

Nikampa. Akanishika mkono bila hata kuutazama. Rangi yangu haikumshughulisha kwa lolote. Alikunywa vikombe vitatu, akatikisa kikombe kuonyesha basi, kisha akanambia kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyotaraji: "Haya, binti. Nihesabie baba zako."

"Mimi binti Nasor," nikasema. "Nasor bin Khalfan. Khalfan bin Suleiman."

"Enhe. Suleiman bin nani?"

Sikujua. Nilikuwa na tatu tu.

"Tatu kila mtu anazo," Ami akasema, si kwa ukali. "Tatu hata jirani anazo. Mimi nitakwenda kushika msahafu, mama watoto. Siwezi kumshikia msahafu mtu kwa majina matatu. Nataka saba. Ndiyo desturi yetu."

Mama akasogea, kajitanda ukaya wake kichwani. "Bwana, mimi nikiyasikia toka jikoni, lakini..."

"Wewe la. Mtu mzima anaweza kujifunza jambo akiwa na haja nalo. Namtaka mtoto."

"Basi yuko mtoto anayeyajua!" Mama uso wote ukamwangaza. "Yule mdogo! Baba yake akimpakata kila magharibi anamsomesha, hata kabla hajajua kuvaa kiatu. Huyu mkubwa alikuwa hatulii. Zuwena anayo yote saba. Kamwite mdogo wako, mwanangu, mbio!"

Sikuinuka.

"Husikii? Kamwite Zuwena!"

Nimezaa watoto watano, nimezika mume, nimezika na mtoto mmoja. Sijapata tena kusikia mwili wangu ukiwa mzito kama pale. Nilinyoosha kidole tu. Bi Shamsa akakifuata kwa macho, kikamfikisha kwenye mlango wa madbasa. Akasema, "Ya Rabbi," akakimbia, mwanamke wa umri ule.

Komeo lilikuwa linachoma. Mlango ulipofunguka, hewa iliyotoka ilikuwa kama ya tanuri, na harufu ile, tende zilizoanza kuchacha. Zuwena alikuwa chini, shavu lake kwenye kijia, asali imemtapakaa nusu ya uso na nywele. Kikombe kikavu. Hakuwa amegonga, kwa sababu nilimwambia asigonge. Macho yalikuwa wazi yanaonyesha weupe, na ngozi kavu inawaka, hata tone la jasho hamna.

Mama alimshika akamtikisa, "Zuwena! Zuwena, mwanangu, sema na mimi!" Bi Shamsa akamwagia maji, akampepea kwa mkeka, akamtia maji mdomoni, yakamtoka pembeni.

"Hospitali," Ami akasema.

"Iko Matrah," Bi Shamsa akasema. "Nje ya lango. Hawa hapana ruhusa."

Ami alikuwa ameshamwinua. Asali ikampaka kanzu yote. Akapanda punda wake na Zuwena kifuani, sisi nyuma tunakimbia, Mama mguu mmoja una ndara na mwengine hauna, mimi na mtungi mdogo wa maji nammwagia Zuwena miguuni. Watu wakatoka milangoni kutazama.

Langoni askari akaweka bunduki mbele ya punda. Alikuwa anatujua. "Hawa wale wa Zanjibar," akamwambia Ami kwa Kiarabu. "Wasio na mwenyewe. Hawapiti."

"Wana mwenyewe."

"Nani?"

"Mimi."

"Umeshaapa?"

Ami akamtazama mtoto, kisha akamtazama askari. Akasema kwa sauti ya kusikiwa sokoni: "Andika. Zuwena binti Nasor bin Khalfan bin Suleiman bin Hilal..." Akaendelea mpaka saba kwa pumzi moja. "Ni damu yangu. Akifia hapa mbele ya punda, wewe ndiye utakayeulizwa na kabila."

Bunduki ikaondoka.

Siku mbili Zuwena hakututambua. Hospitalini walimfunika mashuka ya maji, wakayabadilisha, wakayabadilisha. Mama hakuniuliza kitu. Ningependa angenipiga. Alinitazama mara moja tu, kisha akahamia upande wa pili wa kitanda, nami nikakaa chini ya dirisha nikimwomba Mungu amchukue Baba badala yake, maana Baba alikuwa mkubwa na angestahamili. Ndiyo dua yangu hiyo, siifichi. Ami hakurudi Bawshar. Akilala uani na punda wake, asubuhi anaingia, anakaa sakafuni karibu na kichwa cha mtoto.

Jumapili, siku moja kabla ya kiapo, Zuwena akafungua macho akaomba maji. Akanywa. Akanyoosha mkono kwangu ili nitazame bangili. Nikaushika mkono ule nikaufunika kwa shuka.

Ami akamwinamia. "Binti yangu, unajua wewe ni nani?"

Zuwena akatazama dari kama alivyofundishwa, na kwa sauti iliyokauka akaanza. "Mimi Zuwena binti Nasor. Nasor bin Khalfan. Khalfan bin Suleiman. Suleiman bin Mbarak. Mbarak bin..."

Ami akainua kiganja.

Niliwasikia wauguzi wanaburuta ndoo huko nje. Ami alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu baina ya miguu yake, kwa muda ambao mtu angeweza kusali rakaa mbili. Suleiman ni jina la watu wengi. Suleiman walijaa Bawshar, na huyu wetu hakuwa wake. Mama alikuwa amesimama ukutani, na nilimwona anajua kila kitu anachokijua yule mwanamume. Akafumbata ukaya mdomoni, akangoja kuambiwa chukua watoto wako.

"La, binti yangu," Ami akasema polepole. "Umesahau kwa homa. Suleiman bin Hilal. Sema."

Zuwena akageuza uso. "Mama, Baba alisema Mbarak."

Mama aliuondoa ukaya mdomoni.

"Sema kama anavyosema ami yako."

"Lakini Baba..."

"Sema, Zuwena."

Zuwena akasema. Ami akamwambia arudie, akarudia, moja baada ya moja mpaka saba, na mara ya tatu hakukosea.